Undugu wa Saiti na Jina la Daftarini

Mafundi, wakandarasi, na ninyi vijana mnaosomea ujenzi, habari za jioni.

Mtu akitaka kujua nani ndugu wa nani saitini, aje siku ya kumwaga slabu. Zege halilali, ndivyo tunavyosema, na tuna sababu: ukiliacha nusu, la leo limeshaganda kabla hujaliongezea la kesho, na pale yanapokutana panabaki udhaifu. Kwa hiyo siku hiyo hakuna anayeondoka. Fundi chuma anapokea ndoo, seremala anapokea ndoo, hata yule aliyenuniana na mwenzake tangu Jumatatu anampokea ndoo. Mama lishe naye anajua chakula cha siku hiyo kitaliwa usiku, tena kwa mkopo mpaka Jumamosi.

Undugu huo mara nyingi ni wa damu kweli. Fundi akipata kazi ya leba chaji, yaani analipwa ufundi tu na vifaa ananunua mwenye kazi, kwanza anapiga simu kijijini: mpwa wangu, njoo. Kijana anafika Mbagala, analala chumba kimoja na mjomba, anaanza kwa kuchanganya mchanga na saruji na kupandisha tofali. Halipi ada wala hapewi cheti, ila baada ya muda anashika mwiko. Mafundi wengi waliotujengea mji huu wamesoma hivyo, na siku hizi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanarasimisha ujuzi wa namna hiyo. Ni jambo jema, ingawa wengine bado hawana habari.

Wasio na damu moja wana utani. Mnyamwezi na Mzaramo walianza kutaniana zamani, enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani ana kazi zake msibani. Niliwahi kuona kibarua hana ndugu hata mmoja mjini, mtani wake akasimamia kila kitu huku akimtukana marehemu kwa kumkimbia na deni la sigara. Watu walicheka wakilia.

Lakini undugu huu una upande ambao hatupendi kuusema. Mjomba aliyekuleta mjini ndiye huyo huyo anayeshika pesa za wiki. Ukimdai, unaonekana huna adabu. Kijana anafanya kazi wiki tatu, anapewa ya sabuni, naye hana wa kumlalamikia kwa sababu mwajiri wake ni kaka wa mama yake. Mkandarasi juu kule anaridhika: hao ni watu wa fundi, mimi siwajui.

Na kweli hawajui. Saitini mtu anaitwa Kipara, Mpemba, Baba Shida. Jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar es Salaam, Ijumaa Kuu tarehe 29 Machi 2013, watu 36 walifariki, vibarua wakiwamo. Kwenye ajali ya namna hiyo mwokoaji anauliza kwanza: asubuhi waliingia wangapi? Halafu: ni akina nani? Huwezi kumtafuta Kipara kwao.

Tukipatwa na msiba, sisi tunachanga. Kofia inazunguka, maiti inasafirishwa, wiki ijayo kazi inaendelea. Mjane je, miezi minne baadaye? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo tangu 2015, na mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake. Kibarua hakatwi hata shilingi. Mtu akifa kazini, wategemezi wake wana haki ya fidia. Ila Mfuko utataka kujua marehemu alikuwa nani, aliajiriwa na nani, na aliacha nani. Kofia haiulizi hayo, ndiyo maana tumeizoea.

Basi nyapara, daftari lako la mahudhurio lichore safu mbili zaidi: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na simu ya mtu wa nyumbani. Si simu ya mjomba aliye kwenye jukwaa hilo hilo. Akianguka na mwenzake, utampigia nani?