Msilikate Onyesho la Cinna

Walimu wangu, ndugu wasanii, nanyi wanafunzi mliokaa sakafuni kwa kuwa viti vimekwisha, hamjambo. Wengi wenu mmenisikia nikisema kwamba michezo yetu inaficha ubaya wa raia wa kawaida, na wengine mmelichoka. Nitalisema tena, maana kila mwaka naenda kutazama michezo ya shule na ya vikundi vya hapa Nairobi, na kila mwaka nakuta mambo ni yale yale: kiongozi mwovu katikati ya jukwaa, raia wema pembeni, mwishoni kiongozi anaanguka, raia wanaimba, pazia. Tunapiga makofi, tunapanda matatu, tunarudi nyumbani tukiwa safi kabisa.

Sina muda wa kusimulia tamthilia nzima ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, mtawala wa Roma. Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikachapishwa 1963, kisha akairekebisha na kuitoa upya 1969. Katafuteni msome. Mimi nataka onyesho moja tu, la tatu katika tendo la tatu. Ni fupi, mwongozaji akikohoa limepita.

Caesar ameshauawa. Mark Antony, rafiki ya Caesar, amemaliza hotuba yake, amewasomea watu wosia wa marehemu, na kila raia ameahidiwa drakma 75. Watu wamepandwa na hasira. Hapo anatokea njiani mshairi mmoja, jina lake Cinna. Usiku ameota akila karamu na Caesar. Hakutaka kutoka nje, lakini ametoka, anakwenda mazishini. Anakutana na kundi. Wanamtupia maswali manne kwa mpigo: Jina lako nani? Unakwenda wapi? Unakaa wapi? Umeoa au hujaoa? Kila mmoja anadai jibu lake: la moja kwa moja, tena fupi, tena la busara, tena la kweli.

Naye anajibu! Hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Anajibu kama mtu aliyelelewa vizuri, swali baada ya swali, akidhani ameulizwa ili asikilizwe. Anakwenda kumzika Caesar, na anakwenda kama rafiki. Maana yake yuko upande wao. Lakini kati ya waliomuua Caesar yumo Cinna mwingine, na jina likishatamkwa yamekwisha. Mrarueni! Analia kwamba yeye ni Cinna mshairi. Mmoja anajibu: basi mrarueni kwa mashairi yake mabaya. Analia tena kwamba yeye si Cinna yule. Haidhuru, anaitwa Cinna. Wanammaliza, kisha wanatoka mbio kwenda kuchoma nyumba.

Shakespeare hakulibuni hili kutoka hewani. Plutarch, mwandishi wa kale, aliliandika: mshairi Cinna aliuawa na umati kwenye mazishi ya Caesar, mwaka 44 kabla ya Kristo, kwa sababu ya jina. Hata hivyo kwa miaka mingi waongozaji walikuwa wakilikata onyesho hili, wakiliona halina kazi. Mwaka 1937 huko New York, mwongozaji Orson Welles aliuweka mchezo katika mavazi ya siku zake, wakati Italia na Ujerumani ziko mikononi mwa mafashisti. Akalirudisha onyesho la Cinna, akalifanya liwe moyo wa mchezo, watu wakitoka gizani mmoja mmoja na kumzunguka mshairi. Ndilo lililowatetemesha watazamaji. Alijua anachofanya.

Sasa turudi kwetu. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kwenye barabara za Bonde la Ufa, magari yalisimamishwa na abiria wakaambiwa watoe vitambulisho. Kitambulisho chetu hakiandiki kabila. Hakuna haja, jina linatosha. Tume ya Waki, iliyochunguza, iliandika kuwa watu 1,133 waliuawa katika ghasia zile. Wangapi kati yao walikuwa wamempigia kura yule yule aliyepigiwa kura na waliowaua? Hatutajua kamwe, maana hakuna aliyeuliza swali hilo kwenye vizuizi vile vya barabarani.

Wala msiniambie hayo yamepita. Nenda leo katafute nyumba kwenye ploti yoyote mjini. Msimamizi anakuja na bunda lake la funguo, mtu mpole tu, anakufungulia chumba, rangi bado inanuka. Anakuuliza unaitwa nani. Unamtajia jina la ubatizo. "La pili?" Unamtajia. "Nyumbani ni wapi?" "Umeoa?" Halafu ama chumba ni chako, ama anakumbuka ghafla kuwa kuna mtu aliyetangulia kulipa. Ni maswali ya Cinna, yanaulizwa mchana kweupe kwa tabasamu. Huyo msimamizi hajawahi kushika panga, na huenda hatashika. Lakini naapa sijaona akiigizwa hata mara moja, na kila aliyemo humu ameshakutana naye.

Najua pingamizi linakuja, naliona usoni mwa mzee pale mbele. "Mwalimu, unamsingizia mwananchi. Wanasiasa ndio waliolipa, ndio waliopanga." Kweli! Tume ya Waki yenyewe ilisema hivyo: mahali pengine ghasia zilizuka zenyewe, mahali pengine zilipangwa, na wanasiasa na wafanyabiashara walihusika. Sikatai hata kidogo. Ndiyo maana nasema msiishie kwa Cinna. Geuzeni ukurasa.

Onyesho linalofuata, damu ya mshairi haijakauka, Mark Antony ameketi mezani na Octavius na Lepidus, wenzake wa kutawala. Wanaandika orodha ya watakaokufa. Lepidus anaambiwa ndugu yake naye yumo. Anakubali, kwa sharti kwamba mtoto wa dada ya Antony auawe pia. Antony anakubali papo hapo, anatia alama. Kisha anamtuma Lepidus akaulete ule wosia, watazame jinsi ya kupunguza yaliyoahidiwa. Pesa za wananchi! Zile drakma 75!

Mnaona Shakespeare alivyoyapanga? Barabarani, mtu anauawa kwa sababu jina lake linafanana na la adui. Mezani, ndugu wa damu anatolewa kama chenji. Wanaotuhimiza tushikamane na watu wetu hawana watu wao wanapoketi kugawana. Hilo huwezi kulionyesha ukilikata onyesho la Cinna, na huwezi kulionyesha ukibakiza Cinna peke yake. Yanakwenda pamoja.

Kijana mmoja mwaka jana alinijibu kuwa kizazi chao kimeshavuka: Juni 2024 waliingia barabarani kuandamana bila kabila, bila chama, bila kiongozi. Nilifurahi kuliko anavyodhani. Lakini mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni, maduka ya katikati ya mji yalivunjwa na kuporwa. Waporaji wawe walilipwa, wawe walijituma, nao walikuwa barabara ile ile. Andikeni mchezo wenye wote hao ndani yake. Mkiandika wa mashujaa watupu, nitakuja kuutazama na nitanuna.

Hata tulichokwisha kuwa nacho tunakisoma vibaya. Katika Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, wanafunzi wanamjua Majoka, mtawala wa Sagamoyo, kwa moyo, wanamjua Tunu anayempinga. Waulize kuhusu Ngurumo, watakwambia ni mlevi wa Mangweni, kilabu cha pombe, basi. Ngurumo ni raia wa kawaida anayeona mambo ya Sagamoyo yako sawa kwa sababu yeye kinywaji anapata. Bila akina Ngurumo, Majoka angetawala wiki ngapi?

Upande wa filamu nitapita haraka. Nairobi Half Life ya 2012: Mwas anafika mjini, anaibiwa, analala seli, anasafishishwa choo cha seli, na mtu wa kwanza kumpa pa kukaa ni kiongozi wa genge. Wengi waliizungumza kama filamu ya uhalifu. Mimi naiona ni ya kijana anayetafuta pa kusema "hawa ni wangu", na genge likafika kabla yetu. Nilitaka pia kusema juu ya vichekesho vya runinga na lafudhi za kuigiza makabila. Mratibu ananionyesha saa, nitaliacha.

Walimu wa drama, nina ombi. Mkipanga wahusika, umati msiwape wale waliobaki baada ya kugawa nafasi nzuri. Wapeni waigizaji wenu bora, kila mmoja awe na kazi anayoifanya, na sababu ya kuwa pale. Wavisheni nguo tulizovaa sisi. Na atakayekuwa Cinna ajibu maswali yote manne bila haraka, hadi la mwisho.