Wifi, Hiyo Woka Sitaileta

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Leo hata poda sijapaka, mnisamehe. Mtoto amelala, nina kama dakika 20 kabla hajaamka, na hapo nyuma mnaliona begi liko wazi. Ndiyo, tunakuja likizo. Na mnajua mtu wa ughaibuni akishasema anakuja, simu hailali. Zamani oda zilikuwa manukato na viatu. Mwaka huu karibu zote ni za watoto, sijui mlikubaliana wote mzae kwa mkupuo?

Kuna oda moja nataka niisemee. Wifi yangu kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne: tatu za salamu, moja ya woka. Woka ni kile kigari cha magurudumu, mtoto anakaa katikati miguu inaning'inia, anajisukuma. Anasema, "Wifi, mwanangu ana miezi kumi hata kusimama bado, na wa jirani anatembea. Niletee ile yenye muziki."

Wifi, najua unaniangalia. Woka sileti. Na usiseme nakunyima, maana mimi mwenyewe niliitumia kwa huyu wetu wa kwanza.

Tulipewa na jirani, safi kabisa, ina kisahani mbele na vitaa vya rangi. Mtoto ana miezi minane. Siku hiyo nimemwacha kule kwenye kochi, mimi niko hapa mezani, chai nimeshaimimina, inafuka moshi. Nikageuka kuchukua kijiko. Kijiko tu, jamani! Kurudisha uso, mtoto yuko mezani, kakamata pembe ya kitambaa, anavuta na kucheka. Kikombe kiliangukia upande wa pili. Ilikuwa bahati tu, siwezi kusema nilikuwa makini. Lile doa lilibaki kwenye zulia mpaka tulipohama.

Nilikuja kuelewa baadaye. Mtoto wa miezi minane akiwa sakafuni, unajua mkono wake unafika wapi, na akitambaa unamsikia. Ukimtia kwenye woka umempandisha juu na umempa magurudumu. Anaweza kwenda karibu mita moja kwa sekunde moja. Hesabu mwenyewe: mlango ukiwa wazi na ngazi ziko mita tatu, una muda gani wa kumfikia? Kuna utafiti ulichapishwa Marekani mwaka 2018, ukaangalia miaka 25, kuanzia 1990 hadi 2014. Watoto zaidi ya 230,000 wa chini ya miezi 15 walipelekwa hospitali kwa ajali za woka. Tisa kati ya kumi waliumia kichwa au shingo, na karibu robo tatu ya wote walianguka kwenye ngazi. Ajali zilipungua baada ya masharti ya utengenezaji kukazwa mwaka 2010, hilo niseme kwa haki, lakini hazikuisha. Canada wao hawakutaka mazungumzo: tangu 2004 ni marufuku kuziuza, kuziingiza nchini, hata kuzitangaza. Hata ile iliyokwisha kutumika huruhusiwi kumuuzia mwenzio.

Najua mtaandika hapo chini, "Kama ni mbaya mbona Marekani zinauzwa mpaka leo?" Zinauzwa, ndiyo, na chama cha madaktari wa watoto hukohuko Marekani kinadai miaka yote zipigwe marufuku. Sigara nazo si zinauzwa?

Na kinachoniuma zaidi, wifi, ni kwamba haimfundishi kutembea. Kwenye woka mtoto anasukuma kwa ncha za vidole, uzito kabebewa na kiti, na lile sahani linamziba hata miguu yake haioni. Kutembea mtoto anajifunza kwa kujivuta asimame, kushika kochi, kusogea pembenipembeni kama kaa, kuachia, kudondokea makalio, kuanza tena. Yale makalio yanayodondoka ndiyo somo lenyewe. Woka inamnyima.

Halafu huyo wa jirani achana naye. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wazima wa afya wa nchi tano, Ghana na Norway zikiwemo. Wapo waliotembea wenyewe wakiwa na miezi 8 na kidogo, wapo waliosubiri mpaka karibu 18. Wengine hata kutambaa hawakutambaa. Miezi kumi na hajasimama? Mpe muda. Akifika 18 na bado, hapo mpeleke kwa daktari, na ukiona mguu mmoja mlegevu au aliyokuwa anayaweza ameyaacha, nenda hata leo.

Oda nyingine haraka haraka. Vile vigodoro vya kuzungushia kitanda cha mtoto, vyenye maua: hapana. Marekani walivipiga marufuku mwaka 2022, mtoto anaweza kuzibwa pumzi. Alale chali, kwenye godoro gumu, bila mto wala midoli. Viatu vya soli ngumu kwa asiyetembea: vya nini? Ndani ya nyumba aende peku, vidole vishike sakafu. Na yule aliyeniomba midoli ya kuwaka taa, nitaleta, ila ile ambayo mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Betri zile za duara kama kifungo, mtoto akimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza ndani kwa saa mbili tu. Ukihisi kameza, usingoje aitoe chooni, kimbia hospitali.

Ngoja... mmesikia? Ameamka. Nakuja, mama, nakuja!

Basi wifi, badala ya woka nilikuwekea kitoroli cha mbao, kile cha kusukuma kwa nyuma, kizito kidogo kisimkimbie. Atakitumia akishasimama mwenyewe. Na nyinyi wengine, wifi huyu nilimpigia jana nikamweleza yote haya, kirefu kuliko nilivyowaeleza nyinyi. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Mara nasikia, "Sawa, nimekuelewa. Sasa nafasi ya woka kwenye begi, nijazie pampasi."