Uta wa kukutosha: wiki 8 za matayarisho kabla ya msimu

Assalaam alaykum, karibuni. Leo nimesimama nyuma ya nyumba, huku kwetu Wete, na mnaona nyuma yangu kuna kilima cha udongo mwekundu. Kitazameni vizuri kilima hicho, nitakirudia. Aliyekaa kwenye gogo ni mpwa wangu, amekuja likizo kutoka Ohio, Marekani. Kule msimu wa kuwinda kulungu kwa uta hufunguliwa mwishoni mwa Septemba, na sasa tunamaliza Julai. Kwa hivyo ana wiki 8 tu, na mimi nimemwambia azitumie zote.

Kwanza niseme jambo moja, na nalisema kwa dhati. Huku Pemba hatuwindi. Msitu wa Ngezi ni hifadhi, na paa aliyemo ndani yake aachwe alivyo. Popo wa Pemba hapatikani pengine popote duniani, na aliwindwa mpaka akakaribia kumalizika. Leo watu wanakwenda Kidike kumtazama amening'inia mitini, na mimi ni mmoja wao. Ukiwa hapa, basi shabaha yako ni gunia. Ukiwa kule ambako sheria inaruhusu kuwinda, haya mafunzo ni yale yale, ila una dhamana kubwa zaidi, kwa sababu mbele yako pana mnyama anayesikia maumivu.

Haya, tuanze. Usiende dukani, wala usifungue simu kutazama bei. Anza na jicho.

Nyoosha mikono yote miwili mbele, kutanisha viganja ubakishe kitundu kidogo, kisha utazame kitu cha mbali kupitia kitundu hicho. Mimi natazama lile shada la madafu kwenye mnazi kule bondeni. Sasa fumba jicho la kushoto. Madafu bado nayaona. Fumba la kulia: yamepotea. Basi jicho langu linalotawala ni la kulia, na uta wangu nitaushika kwa mkono wa kushoto, nivute kwa wa kulia. Ukikuta jicho lako linalotawala ni la kushoto hali ya kuwa unaandika kwa mkono wa kulia, fikiria sana kuanza na uta wa kushoto, yaani unaovutwa kwa mkono wa kushoto, tangu siku ya kwanza, maana mkono unafundishika kwa wepesi kuliko jicho.

La pili ni urefu wa kuvuta. Mjomba, simama hapa, nyoosha mikono kama unazuia mlango. Nampima kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha ya kidole cha kati cha upande wa pili. Sentimita 175. Gawa kwa 2.5, unapata 70, yaani inchi 27 na nusu hivi. Huo ndio urefu atakaovuta. Ni makisio, lakini ni makisio mazuri, na yanakutosha kuagizia.

Sasa uzito, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa.

Sogeza kamera. Huu ni uta wangu. Kwenye bawa la chini pameandikwa 28, alama ya ratili, halafu inchi 28. Maana yake ni kwamba ukiuvuta mpaka inchi 28, vidole vyako vinabeba ratili 28, karibu kilo 13. Ukivuta pungufu kwa inchi moja, uzito unashuka kama ratili 2. Ukizidisha inchi, unapanda vivyo hivyo. Mtu mzima anayeanza achukue baina ya ratili 20 na 30. Najua utasikia ni kidogo. Mimi nilisikia hivyo hivyo. Uta wangu wa kwanza ulikuwa wa ratili 45, muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniambia mwanamume hanunui chini ya hapo. Nikawa nauvuta kwa kuuinua mbinguni kwanza, meno yamekaza, mkono unatetemeka. Bega la kulia likaniuma miezi mingi, sikuweza hata kufunga dirisha, na makosa niliyojifunza katika siku zile nilikuja kuyafundua kwa shida.

Kwa hivyo jipime. Kaa kitako juu ya kiti, nyanyua miguu yote miwili kutoka chini, kisha uvute uta ulionyooka mbele yako, bila kuuelekeza juu. Ukafika mwisho, shikilia, hesabu mpaka 10. Ukitetemeka, uta huo si wako kwa sasa. Chukua mwepesi. Ndiyo maana napenda uta wa kufunguka vipande vitatu, mpini wa kati na mabawa mawili: baada ya miezi sita ukipata nguvu, unanunua mabawa mazito zaidi, mpini unabaki ule ule.

Mpwa wangu yeye ana uta wa makapi. Tazameni, ncha zake zina roda mbili. Wenzetu wa majahazini wakiona makapi watadhani ni kama ya henza, lakini roda hizi si duara kamili, zimechongwa mfano wa yai. Mwanzoni unavuta uzito wote, kisha roda ikigeuka, uzito unaanguka. Huu wake ni wa ratili 45, na ukifika mwisho unapungua kwa asilimia 80, kwa hivyo anashikilia ratili 9 tu huku akilenga kwa utulivu. Kwa kuwinda ni uta mzuri sana. Sheria ya Ohio inataka uta usiopungua ratili 40, naye amefika hapo baada ya mwaka mzima wa kupanda polepole kutoka 30.

Lakini wewe uliopo Pemba au Unguja, ushauri wangu ni uta wa kawaida wenye ncha zilizojikunja mbele. Sababu ni moja: upote, yaani kamba ya uta, wa uta wa makapi ukikatika, unahitaji mashine ya kuukandamiza ndipo uubadilishe, na mashine hiyo huku sijaiona. Uta wangu mimi naupandishia upote kwa kamba ya futi chache na mguu mmoja, hapa hapa barazani. Na kabla hujaagiza uta wowote kutoka nje, nenda ukaulize forodhani na polisi, upate jibu mkononi, usije ukauona uta wako umekaa bandarini.

Mishale. Watu hutumia pesa zote kwenye uta, kisha wakanunua mishale yoyote iliyopo. Ni makosa. Mshale ukiachiwa hauondoki umenyooka; wano lake, yaani ule mti wa mshale, linanesa, linapinda huku na huku kama mkunga majini, mpaka litulie. Likiwa gumu mno kwa uta wako, au laini mno, mshale unakwenda kando hata ukilenga vizuri. Ugumu huo umeandikwa kwa namba kwenye wano, 400, 500, 800. Namba ikiwa kubwa, wano ni laini. Mishale ya mpwa wangu ni 500, yangu mimi, kwa ratili 28, ni 800. Ukivuta kwa mkono wa kulia, kwa vidole, ukaona kila mshale unaangukia kushoto, kwanza shuku kuwa wano ni gumu. Ukiangukia kulia, shuku kuwa ni laini. Kwa urefu, anayeanza aongeze sentimita 3 mpaka 5 juu ya kipimo chake cha kuvuta. Mshale mfupi ukipita nyuma ya mpini na kuachiwa, unaingia mkononi.

Na mishale ya kaboni, kila siku kabla ya kupiga, ikunje kidogo mbali na uso, uizungushe, usikilize. Ukisikia kama kijiti kinakatika ndani, uvunje mshale huo vipande viwili uutupe. Ukiupiga unaweza kupasuka ukakuchoma mkono kwa vibanzi ambavyo hata daktari anatoa kwa taabu.

Kinga ya mkono, ngozi ya vidole, podo la kiunoni: nunua vya kawaida, au mpelekee fundi viatu akushonee. Hapo sina zaidi.

Sasa shabaha. Hii tumeitengeneza wenyewe. Gunia la mchele, ndani nguo kuukuu zilizotolewa vifungo na zipu, na usumba. Makumbi mazima usitie, ni magumu, mshale unarudi au unateleza. Usumba uliokwisha kupondwa ndio unaofaa, unaukamata mshale bila kuuumiza. Shindilia kwa mguu mpaka gunia liwe zito kama la karafuu, kisha ushone mdomo.

Na gunia tumeliweka chini ya kile kilima. Mshale ukikosa, udongo unaupokea. Usiweke shabaha mbele ya njia, mbele ya migomba, wala mbele ya nyumba ya jirani. Tena huu ni wakati wa karafuu: tazama juu pia. Wachumaji wako juu ya mikarafuu, na huwezi kuwaona kwa haraka. Sisi tunapiga asubuhi, tumeshawaarifu majirani, na hata mtoto mmoja hakai mbele ya mstari huu wa chokaa. Na usiachie upote bila mshale, hata kwa majaribio. Nguvu yote inarudi kwenye mabawa, na uta unaweza kupasuka mikononi mwako.

Mazoezi yenyewe. Wiki mbili za kwanza, mpwa wangu anasimama mita 5 tu kutoka kwenye gunia, hakuna alama. Anavuta, kidole cha shahada kinagusa pembe ya mdomo, pale pale kila mara, anaachia. Hivyo tu. Mishale 30 kwa siku, siku nne kwa wiki, kisha anapumzika. Anapochoka anaacha, maana mshale wa uchovu unafundisha uchovu. Wiki ya tatu tunakwenda mita 10, kisha 18.

Kisha tunatundika sahani. Sahani ya wali ya kawaida, upana kama sentimita 20, ndiyo kiasi cha mapafu na moyo wa kulungu. Kanuni yangu ni hii: umbali ambao mishale 9 kati ya 10 inaingia ndani ya sahani, huo ndio mwisho wako wa kuwindia. Kama ni mita 20, kulungu wa mita 30 mwache apite. Na kila asubuhi tunauandika mshale wa kwanza peke yake kwenye daftari, kabla mwili haujapata moto, kwa sababu msituni hupewi mshale wa kujaribia.

Wiki ya tano tunapanda hapa kwenye dungu. Hili dungu ni la kuamia ndege wa mpunga, lakini kule Ohio wawindaji hukaa juu ya miti namna hii hii. Mawili ya kukumbuka. Jifunge mkanda wa usalama tangu mguu wa kwanza unaondoka chini, kwani wanaoumia kwa kuanguka ni wengi. La pili, unapopiga kwenda chini kwa mteremko, umbali wa kulenga ni ule wa usawa wa ardhi, si ule wa jicho. Mita 20 za jicho kwa mteremko wa digrii 30 ni kama mita 17. Na jipinde kiunoni, usishushe mkono peke yake.

Vyembe vya makali, yaani ncha za kuwindia, vinakuja wiki mbili za mwisho. Havifai kwenye gunia hili, vitalichana, tumetenga jengine. Vikaze kwa spana yake maalumu, si kwa vidole. Vinaweza kuangukia mahali tofauti na ncha za mazoezi hata kwa uzito ule ule, kwa hivyo lazima uvipige kabla ya msimu.

Mpwa wangu aliniuliza kuhusu nyama, na nimwambie mbele yenu. Sema bismillahi unapoachia. Katika Hadithi ya Adiy bin Hatim, kilichopigwa kwa ncha kikatobolewa kinaliwa, kilichopigwa kwa ubavu wa mshale hakiliwi. Na ukimkuta mnyama bado ana uhai, mchinje. Kwa hayo mengine, kaa na shekhe wako kabla hujasafiri.

Utunzaji ni mdogo. Hewa yetu ina chumvi, na parafujo za uta zinashika kutu ndani ya wiki. Futa kwa kitambaa kikavu, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye parafujo, si kwenye upote. Upote upake nta ya nyuki, usugue kwa vidole mpaka ipate joto iingie. Uta wa kawaida uteremshe upote kila ukimaliza, utundike ndani, mbali na jua na paa la bati.

Tumemaliza kupiga kwa leo. Tunahesabu: tulitoka na mishale 12, hapa ipo 11. Hatuondoki. Wazee wanasema mshale kwenda msituni haukupotea, lakini hili ni konde la muhogo, na kesho mwenyewe anakuja kulima pekupeku. Mjomba, anza upande ule, uburuze mguu kwenye majani, mimi natokea huku. Mara nyingi unalala chini ya nyasi, umezama mpaka manyoya.

Haya, huu hapa.