Tundika Zana Ukutani kwa Mabaki ya Plaiwudi

Karibuni karakana. Leo tunatengeneza kibao cha kutundikia bisibisi na patasi, na hatununui mbao. Vipande hivi vya plaiwudi ya milimita 18 ni mabaki ya kabati. Kama vyako vilitumika kumwagia zege, kwangua saruji na ung'oe misumari yote, la sivyo utaua meno ya msumeno. Gonga kila kipande kwa kidole. Kikilia kama debe tupu, tabaka zimeachana ndani, hicho kiache.

Kata ubao wa mgongo, sentimita 60 kwa 30, na wa rafu, 60 kwa 9. Bandika utepe wa karatasi juu ya mstari kwanza ili uso usichanike.

Sasa tazama hapa kwa makini. Tundu la bisibisi kwenye rafu liwe pana kuliko chuma, jembamba kuliko mpini. Usikisie, pima. Hizi zangu zinataka biti ya milimita 12. Kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya lingine acha sentimita 4, vidole vipate pa kupita. Chini weka kipande kibovu, tundu litoke safi upande wa pili. Kwa patasi, toboa matundu mawili yanayogusana, kisha nyoosha kingo kwa patasi hiyohiyo. Piga msasa namba 120.

Rafu ikae sentimita 10 chini ya ukingo wa juu wa mgongo. Paka gundi ya mbao, funga skrubu tatu za milimita 50 kutokea nyuma. Tangulia kutoboa kwa biti ya milimita 3, maana ukingo wa plaiwudi ukiulazimisha unapasuka.

Kuning'iniza ndiko kunakonifurahisha zaidi. Chukua kipande cha sentimita 60 kwa 14, ukipasue katikati kwa urefu, msumeno ukiwa umelala digrii 45. Kimoja kigandishe kwa gundi na skrubu za milimita 30 nyuma ya mgongo, juu kabisa, mshazari ukitazama chini na kuelekea mgongo. Cha pili kinaenda ukutani, mshazari juu, ukiteremka kuelekea ukutani. Vinashikana vyenyewe, na uzito ukiongezeka ndivyo vinavyozidi kubana. Chini ya mgongo ongeza kipande cha unene uleule, kibao kisiinamie ukuta.

Ukutani weka pima maji, kisha toboa matundu manne ya milimita 8, kina cha sentimita 7. Usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi, nyaya hupita hapo. Puliza vumbi, sukuma fisha, kile kizibo cha plastiki cha kushikia skrubu, hadi ipite plasta na kuingia kwenye tofali lenyewe, ndipo ufunge kile kipande cha pili kwa skrubu za milimita 80. Fisha iliyobaki kwenye plasta itang'oka.

Pachika kibao, kibonyeze kwa mikono miwili. Kikitulia, panga zana, ndefu pembeni na unazoshika kila saa katikati.