Kabla ya Jembe, Shika Udongo

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari zenu.

Hata sijakaa, nimeshaulizwa: "Mwalimu, bustani tunalima mwezi gani?" Hapa Moshi masika huanza Machi na vuli Oktoba, kwa hiyo ningeweza kusema Februari na Septemba tukaenda kunywa chai. Lakini miaka hii mvua haziaminiki. Mimi naamini kiganja kuliko kalenda.

Fukua kidogo, chota udongo wa chini, uukaze kwenye ngumi, kisha fungua. Ukibaki donge linalonata na kung'aa, weka jembe kando, rudi baada ya siku mbili tatu. Ukimwagika kama unga, mwagilia leo, ulime keshokutwa. Ukishikamana, halafu ukaugusa kwa dole gumba ukavunjika vipande, ingia shambani.

Nasisitiza hili kwa sababu udongo wa mfinyanzi ukilimwa mbichi, chembe zake hubanana na nafasi za hewa huziba. Jua likiuwakia unakuwa mabonge, na mzizi wa mchicha hauna nguvu ya kupenya hapo. Mnaotoka Kibosho na Uru, kule mlimani, mna bahati: udongo wenu wa volkano, uliolishwa samadi vizazi na vizazi, husamehe mengi. Ndugu zangu wa tambarare, kuelekea Kahe, wenye udongo mweusi unaopasuka nyufa kiangazi, nafasi yenu ni fupi. Msisubiri Septemba. Katueni masika yakishaisha, unyevu ukiwa bado upo, mliache jua livunje mabonge.

Sasa kina. Jembe la mkono likipita kina kilekile kila msimu, chini yake hujengeka tabaka gumu. Maji yanatuama, mizizi inageuka kando. Chomeka ufito: ukigoma kwenye kina kilekile kila unapojaribu, tabaka ndilo hilo. Livunje kwa jembe uma, sentimita 20 hadi 30, bila kuuleta juu udongo wa chini. Kazi hiyo hamtairudia kila msimu. Baadaye tifueni juu juu tu, tandazeni majani. Bibi zetu hawakuwa wakikatua kihamba, lile shamba la nyumbani la Wachagga, kizima kila mwaka. Majani ya mgomba yalibaki chini, samadi ikatoka zizini, minyoo ikamaliza. Nashangaa tunayasahau haya tukishajenga mjini.

Samadi iwe imeiva, isiwe na joto wala harufu kali. Debe moja kwa mita mbili au tatu za mraba, uichanganye wiki mbili kabla ya kupanda.

Naam, mama? ... Mama anauliza kama akodi pawatila, ile mashine ndogo ya kulimia, kwa kiwanja chake cha nyuma ya nyumba. Kuna magugu ya sangari humo? ... Basi usikodi. Sangari hutambaa kwa vishina vya chini ya ardhi, na kila kipande chenye kifundo huota upya. Pawatila itakukatia vipande mia na kukusambazia uwanja mzima. Ndago nayo hivyo hivyo, ina vile viazi vyake vidogo. Chukua uma, inua udongo taratibu, vuta kamba yote, uianike juani mpaka ikauke kabisa. Na usiitupe kwenye shimo la mboji ikiwa mbichi, itakurudia na mboji yako mwenyewe.