Ukiwa Sevilla, Jumamosi Usikimbilie Ndege

Wadogo zangu, mambo ya viza, bima na malazi mtaelezwa na wenzangu. Mimi nina hoja moja, na walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana nitairudia mpaka isikike. Muhula mmoja kule Hispania una Jumamosi chache sana. Msizimalizie kwenye viwanja vya ndege.

Najua inavyokuwa. Alhamisi usiku mtu anaona tiketi ya Paris bei ya kutupa, anainunua. Haya, tupige hesabu. Unaamka alfajiri kwenda uwanjani, unapanga foleni ya ukaguzi, unaruka zaidi ya saa mbili, unatua, unatafuta usafiri wa kuingia mjini. Unafika umechoka, unapiga picha chini ya mnara, unalala chumba cha watu wanane, Jumapili unaanza safari ya kurudi. Umeona umati, Paris hujaiona. Jumatatu darasani unasinzia, na Kihispania chako kiko pale pale.

"Lakini dada, nimetoka Mwanza mpaka Ulaya nisiione Paris?" Swali hili naulizwa kila mara, na kila mara najibu vilevile: Krismasi vyuo vinafungwa, nenda Paris ukakae wiki nzima. Jumamosi ya kawaida ni ya mji wa jirani, ule unaokwenda asubuhi na usiku unalala kitandani kwako.

Anzeni na Córdoba. Treni ya mwendokasi kutoka kituo cha Santa Justa, pale Sevilla, inachukua kama dakika 45. Ya kawaida inazidi saa moja lakini nauli yake ni nafuu, na mwanafunzi ahesabu nauli. Panda ile ya mapema kabisa. Jumatatu hadi Jumamosi, Mezquita, ule msikiti mkuu wa zamani ambao leo ni kanisa kuu, hufunguliwa bila kiingilio kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa tatu na nusu, kabla makundi ya watalii hayajamiminika.

Ukishaingia, weka simu mfukoni. Wote huinua macho kwenye matao yale ya mistari myekundu na myeupe. Nyinyi angalieni chini, kwenye miguu ya nguzo. Hii ina kitako, ile haina. Hii ni marumaru, ile ni jiwe gumu la rangi nyingine kabisa, na vichwa vyake havifanani. Abd al-Rahman wa Kwanza, mtawala wa Córdoba aliyenusurika ukoo wake ulipopinduliwa Damascus mwaka 750, alipoanza ujenzi miaka ya 780 mafundi wake walitumia nguzo za majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi, watu waliotawala Hispania kabla ya Waislamu. Zilikuwa za urefu tofauti, tena fupi mno kwa ukumbi mkubwa kiasi kile. Kwa hiyo juu ya kila nguzo walisimamisha nguzo nyingine ya mawe, wakafunga tao la chini, kisha tao la pili juu yake, dari ikapanda na hewa ikapata pa kupita. Uzuri wote unaousikia ukisifiwa ulitokana na tatizo la fundi.

Sasa tembea polepole kwenda upande wa mashariki, sehemu iliyoongezwa na Almanzor, waziri aliyeshika madaraka ya Córdoba, mwishoni mwa karne ya 10. Sogea karibu na tao. Kule mwanzoni wekundu ni matofali yaliyopishanishwa na mawe. Huku ni mawe matupu yaliyopakwa rangi nyekundu. Dola ilikuwa imepanuka, mjenzi ana haraka, na haraka yake imeandikwa ukutani. Mtu wa nusu saa haoni jambo hili. Halafu rudi katikati, simama mahali ambapo kuanzia mwaka 1523 kanisa lilijengwa ndani ya msitu wa nguzo, baraza la mji likipinga na mfalme akiidhinisha. Zimebaki nguzo 856. Nimewahi kukaa pale na mwanafunzi kutoka Lamu, hakusema neno mpaka tulipotoka kwenye ua wa michungwa. Ndipo akaanza kuuliza maswali, na hayakuisha mpaka tuliposhuka Santa Justa.

Na msiniambie historia hii ni ya watu wengine. Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Moroko, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka kama 20 baadaye alipita Ronda, Málaga na Granada, miji ya huku huku kusini mwa Hispania. Ni mtu yule yule! Mwanafunzi wa pwani yetu anayeiruka Ronda ili akapange foleni Paris ananisikitisha kwa kweli.

Naona naonyeshwa saa, kwa hiyo niende mbio. Ronda ni basi la saa mbili na ushee. Daraja lake, Puente Nuevo, lilikamilika mwaka 1793 na lina kimo cha karibu mita 98. Msiishie juu, shukeni kwa njia ya miguu mpaka bondeni mkalitazame kutoka chini. Kabla ya yote ulizia basi la mwisho la kurudi, hasa Jumapili, siku ambayo mabasi hupungua. Itálica, mji wa Kirumi ulioasisiwa mwaka 206 kabla ya Kristo, uko nje kidogo tu ya Sevilla. Asubuhi moja inautosha, ila usiende Jumatatu, utakuta geti limefungwa. Cádiz ni bahari, samaki wa kukaanga na upepo. Mei ikiingia, joto la mchana si la mchezo: fanyeni matembezi asubuhi, mchana mle mpumzike kama wenyeji.

Mkifika Tarifa, mji wa pwani, Moroko mtaiona kwa macho, kilomita 14 tu ng'ambo ya maji, na kivuko kipo. Hapo simameni. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka, anaweza kukwama upande wa pili, na hakuna profesa wa kumrudisha. Kwanza soma viza yako, au uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Granada ningetaka kuipa saa nzima, sina. Shikeni hili tu: tiketi za Alhambra, ngome yenye kasri za watawala Waislamu wa zamani, huisha mapema, zinunueni wiki kadhaa kabla, mwende na pasipoti, na saa iliyoandikwa ya kuingia kasri za Wanasri, yaani ukoo wa watawala hao, ndiyo hiyo hiyo. Ukichelewa, mlangoni hawakusubiri.