Hodhi la Mama Lilikuwa Linakunywa Maji: Nimebadilisha Westi Mwenyewe, Nakuru

Hamjambo jamaa zangu. Leo siko Minneapolis. Niko nyumbani Nakuru, Section 58, nimepiga magoti kwenye bafu la mama nibadilishe westi ya hodhi, yaani kile kipande kinachokaa kwenye tundu la chini la kutolea maji, na mkisikia sauti inavuma ni hivi vigae.

Kwanza mlielewe hodhi hili. Nyumba ni ya zamani, hodhi lenyewe ni la chuma kilichopakwa enameli, na sikumbuki mtu akilala humu kuoga tangu niko shule ya msingi. Hapa hodhi ni tangi. Maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, kwa hiyo siku yakija mama analijaza mpaka karibu na tundu la juu. Hayo ndiyo ya kumwaga chooni, ya kufua na ya kupiga deki mpaka zamu nyingine. Linabeba kama lita 150, yaani mitungi saba na nusu ya lita 20. Mama ana miaka 72, na mitungi saba si mchezo kwa mgongo wake.

Sasa kwa miezi kadhaa alikuwa analijaza jioni, akiamka limebaki nusu. Hakuniambia. Nilikuja kujua siku moja tunaongea kwa video, nikaona mitungi imepangwa koridoni. Nikamuuliza, "Mama, mitungi yote hiyo ya nini na hodhi lipo?" Akanijibu, "Hilo siku hizi linakunywa maji, mwanangu." Usiku huo sikulala vizuri.

Kule Marekani kumwita fundi wa mabomba ni gharama kubwa, kwa hiyo westi ya hodhi langu nimeshaibadilisha mwenyewe mara mbili. Nikanunua nyingine nzuri, ya shaba, nikaitia kwenye sanduku. Nimefika hapa, haiingii. Sikilizeni vizuri nyinyi mnaowabebea wazazi vifaa. Kule, chini ya hodhi kuna kiwiko chenye uzi kwa ndani, na westi inazungushwa kutoka juu mpaka iingiane nacho. Huku kwetu tulirithi mtindo wa Waingereza: westi ina shingo ndefu yenye uzi, inapenya kwenye tundu la hodhi, halafu nati inaikaza kutoka chini. Zote mbili zinaitwa za inchi moja na nusu, lakini meno ya uzi hayaoani. Nilipaswa kumwambia mpwa wangu ainame na simu anipigie picha ya chini kabla sijalipa chochote.

Na kabla ya kununua, jua maji yanatokea wapi. Nilifungua hiki kimlango kidogo upande wa miguuni, nikatandika magazeti chini, tukaziba kizibo, mama akajaza maji, tukaliacha. Kama maji yanapungua na gazeti ni kavu, ubaya uko kwenye kizibo. Nunua kizibo tu, usimsumbue mtu. Kama gazeti linalowa wakati umeziba, maji yanapita chini ya ule ukingo wa westi. Kama linalowa pale tu unapozibua, basi tazama maungio ya chini na trapu, lile bomba lililopinda chini ya westi. Letu lililowa ndani ya saa moja, huku kizibo kikiwa mahali pake.

Nati ilikuwa imeshikwa na kutu ya kijani. Niliipulizia mafuta ya kulegeza kutu jana jioni, ikalala nayo. Leo kazi imekuwa ya watu wawili, kwa sababu ukizungusha nati peke yake westi nzima inazunguka nayo. Mama akakaa juu, akatia mikono ya plaisi kwenye ule msalaba ndani ya westi, akashikilia. Mimi nikalala chini na spana, nikazungusha kinyume cha saa, ukitazama kutoka chini. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu nikasikia kitu kinalia "kwii," na mama kule juu, "Imekubali! Imekubali!" Wallahi ile sauti yake ningeirekodi.

Ngoja nisogeze simu muone hii washa, pete ya kuziba inayokaa kati ya hodhi na nati. Hii ilikuwa mpira. Iangalieni nikiikunja… mmeona? Imekatika kama biskuti. Mpira ukizeeka unakauka, haubonyei tena, na maji yanapata njia. Kitu kidogo hivi ndicho kilichokuwa kinamwaga maji ya mama kila usiku.

Nikaenda Barabara ya Mburu Gichua kutafuta mpya. Duka la kwanza wakanipa westi yenye matundu mawili ubavuni mwa shingo. Nikairudisha. Matundu yale ni ya masinki ambayo njia ya maji ya ziada imejengwa ndani ya ukuta wake. Hodhi letu halina ukuta wa namna hiyo, tundu lake la juu lina bomba lake. Ukifunga ile yenye matundu, kila ukizibua, maji yanachungulia pembeni kuelekea kwenye washa za chini. Duka la pili mzee mmoja akaniuliza, "Ya sinki au ya hodhi, binti yangu?" Nikajua nimefika.

Kufunga si kazi ndefu, kusafisha ndiyo kazi. Kwangua masalia yote kuzunguka tundu kwa kitu cha plastiki ili usikwaruze enameli, futa, kausha kabisa. Paka silikoni duara zima chini ya ukingo wa westi, ishushe. Chini ingiza washa nene ya mpira, kisha ile nyembamba ya plastiki, kisha nati. Kaza kwa mkono mpaka ikatae, ongeza kidogo tu kwa spana. Kama hodhi lako ni la plastiki usilitie nguvu, litapasuka. Na mafundi wangu, nawaheshimu sana, lakini tepu nyeupe mnayoizungusha roli nzima kwenye ile shingo haizuii maji hapa. Kinachozuia ni mpira uliobanwa kati ya hodhi na nati. Silikoni iliyojitokeza futa, kisha liache saa 24 bila tone la maji. Mama alitaka kujaza jioni ileile, nikamwomba avumilie.

Sehemu hii narekodi siku mbili baadaye, saa kumi na mbili unusu asubuhi. Jana jioni maji yalikuja. Tulijaza, nikabandika kipande cha tepu ukutani mwa hodhi sawasawa na uso wa maji. Njooni muone. Tepu ile, maji yale. Na gazeti la chini, ninalipapasa hapa, kavu, hata wino haujavuja.

Mama huyo anakuja na ndoo, anataka kudeki kabla jua halijapanda. Wacha nimpishe.